Sauti ya Risasi Inapofika

Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Shamsia, ukaangukia sakafu ya saruji, ukazunguka juu ya ukingo wake huku ukipiga kelele za bati, ukazidi kuzunguka, mpaka ukachoka na kulala. Zamda, binti yao ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kuunganisha maneno mawili, aliangua kilio. Mbwa wa jirani alibweka ng'ambo ya ua. Mdoe peke yake, aliyekuwa ameketi kizingitini akiwapa mgongo, aliendelea kumenya chungwa lake taratibu, ganda likining'inia kutoka kwenye kisu kama utepe.

Kisha kuku, waliokuwa wakidonoa makombo jikoni, walipita mbio katikati ya miguu yake wakitoka nje. Hapo ndipo alipogeuka, akitabasamu.

"Mmewafanya nini kuku wangu?"

Shamsia alikuwa amesimama na mtoto kiunoni. Alimtazama mumewe, akautazama mfuniko, kisha akamtazama tena mumewe. Mdoe aliyafuata macho yale kama alivyozoea kufuata nyayo, akafika pale mfuniko ulipolala, akaelewa. Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa kuwa hakujua aliweke wapi.

"Baba Zamda," Shamsia alisema, midomo yake ikiumba kila silabi. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Nakuuliza kwa upole."

Mdoe akalirudia chungwa lake. Ganda lilikatika.

Kilichomshangaza Mdoe mwenyewe ni kwamba hakuogopa. Hofu aliijua; aliwahi kuikuta ndani ya vichaka vya miiba, ikiwa na pembe. Hii ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, isipokuwa ilikuwa imekaa kichwani na haikuwa na haraka ya kuondoka. Mwanzoni alidhani ni nyenze. Mvua za vuli zilikuwa bado, miti ilikuwa imekauka kama kuni, lakini nyenze waliimba kutwa kucha, na siku moja alimuuliza mkewe mbona mwaka huu wamewahi. Shamsia alitega sikio. "Nyenze gani?" alisema. Mdoe akaanza kuzungumzia mahindi.

Baada ya hapo alianza kuishi kwa macho. Chai iliyochemka aliijua kwa mvuke. Adhana aliijua kwa majirani waliotoka na kofia vichwani. Kilio cha mtoto alikijua kwa mabega ya Shamsia, jinsi yalivyoinuka kidogo kabla hajasimama. Mtu aliyezoea kusoma jani lililopinduka hapati taabu kuisoma nyumba yake mwenyewe, na Mdoe aliisoma hivyo kwa muda mrefu, bila furaha na bila huzuni. Hata Sharifu, dereva wa kambini na rafiki yake wa tangu utotoni, hakugundua zaidi ya kumtania. "Siku hizi umekuwa mheshimiwa diwani," alimwambia, "mpaka uitwe mara tatu!"

Mdoe alikuwa mfuata nyayo, traka kama wanavyoitwa kambini, katika kitalu cha uwindaji kule nyikani, mbali na Handeni mjini. Kila kiangazi wageni walikuja na bunduki zao na vibali vyao, na yeye alitembea mbele yao akiisoma ardhi. Mnyama akipatikana, ni yeye aliyesimika magongo matatu ya kulengea, akapiga goti kando yake na kuushika mguu mmoja usiteleze. Mgeni aliweka bunduki juu ya magongo, na mdomo wa mtutu ukawa hatua moja tu kutoka sikio la kulia la Mdoe.

Zamani mitutu ilikuwa mitupu. Siku hizi bunduki nyingi zilikuja na kipande cha chuma chenye matundu kilichofungwa mdomoni. Kambini walikiita breki. Hewa ya moto inayoisukuma risasi hupenya kwenye matundu yale na kutoka pembeni, na bunduki ambayo ingempiga mgeni teke la kumlaza na maumivu humgusa tu bega. Mgeni halengi huku amefumba macho kwa woga. Kifaa kizuri, na Mdoe hakuwahi kukisema vibaya. Ila teke halikuisha. Lilihamishwa tu kutoka bega la mmoja, likatoka pembeni kama kishindo, na pembeni ndipo yeye alipopigia goti.

Vizibo vya masikio vilikuwepo. Mzee Filemoni, mwindaji bingwa aliyewaongoza wageni, Msambaa wa milimani aliyeota mvi zake zote porini, alivitoa kila mwanzo wa msimu, na matraka walimrudishia kila mwisho wa msimu vikiwa bado ndani ya nailoni. Hawakuwa wajinga. Mara tu bunduki ilipolia, kabla mwangwi haujafika milimani na kurudi, Mzee Filemoni alimgeukia Mdoe na kuuliza neno moja: "Wapi?"

Maana risasi ikimfikia mnyama huirudisha sauti yake. Ikiingia begani husikika pu!, kama gunia la mahindi lililotupwa chini kutoka kwenye lori. Ikigonga mfupa hulia kama muhogo mkavu unaovunjwa gotini. Ikiingia tumboni huwa kishindo kinyevu, kizito, na hapo kila mtu hukaa chini kusubiri, kwa kuwa mbogo aliyejeruhiwa tumbo huingia kichakani, akageuka, akasimama akiitazama njia aliyopitia, akimngoja anayemfuata. Jibu la Mdoe ndilo lililoamua kama watu waingie sasa au wakae. Traka aliyeziba masikio angekuwa kama mpishi aliyejibana pua. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, na waliowatangulia walifanya kazi na mitutu mitupu.

Msimu uliopita Mdoe alijibu kwa macho. Mnyama akikunja mgongo alisema tumbo. Akichutama mbele alisema bega. Alipatia. Alipatia kila mara, na kila alipopatia alihisi kitu kikishuka ndani yake kama ndoo isiyofika maji.

Shamsia hakugombana naye. Alimwacha amalize chungwa, akamweka Zamda chini. Mtoto alijikokota mpaka kwa baba yake, akalishika goti lake kwa viganja vyote viwili, akasubiri atazamwe, ndipo akasema alichotaka kusema. Kilikuwa chungwa.

"Umeona?" Shamsia alisema alipohakikisha anatazamwa naye. "Hakuna aliyemfundisha. Kabla ya kukuita anakugusa kwanza. Nadhani anaamini akina baba wote ndivyo wanavyoitwa."

Mdoe alimpa mtoto kipande cha chungwa.

"Tutakwenda Korogwe," Shamsia alisema. "Hata kama hutaki. Utanisindikiza mimi."

Walikwenda. Mkonge ulipita dirishani safu kwa safu, na nyuma yake milima ya Usambara ilikaa na mawingu yake kifuani. Kondakta alifungua na kufunga mdomo, abiria wakacheka. Mdoe naye akacheka, akichelewa kidogo.

Hospitalini walimkuta dada mmoja aitwaye Josefina, kijana, mwenye koti jeupe na hereni ndogo zinazoning'inia. Alimwingiza Mdoe kwenye chumba chenye kuta nene, akamvika visikilizio, akampa kitufe mkononi.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo kama wa mbu, bonyeza. Sawa, kaka?"

"Sawa."

Mdoe alibonyeza. Akabonyeza tena. Josefina alitazama mashine yake, akakunja uso, akarudia, na Mdoe akabonyeza bila kukosa.

"Haya ni maajabu," Josefina alisema akimvua visikilizio. "Kwa majibu haya wewe una masikio ya mtoto mchanga. Na mama hapo nje ananiambia hukusikia mfuniko wa sufuria." Alimwinamia. "Kaka, unasikia, au unaniangalia?"

Mdoe alifikiri. Hakuwa amekusudia kumdanganya mtu. Ni mwili wake tu uliofanya kazi inayoijua.

"Ukitaka kupiga mlio," alisema hatimaye, "hereni yako ya kushoto inatikisika."

Josefina alicheka mpaka akashika meza. "Hee! Yaani umeniwinda! Haya, geuza kiti. Tazama ukuta."

Ukuta ulikuwa mweupe na haukuwa na alama hata moja. Mdoe alikaa, kitufe kiganjani, akasubiri kama anavyosubiri wanyama washuke majini. Nyenze waliimba. Alisubiri. Kitufe kikapata joto la mkono wake. Polepole, kama mtu anayegundua kuwa amepotea katika pori analolijua, alielewa kwamba milio ilikuwa ikipigwa muda wote huo. Hakubonyeza. Alipohamishiwa sikio la kushoto ndipo kitu chembamba kilipomfikia, mbali sana, na akabonyeza kwa nguvu kiasi cha kuumia kidole.

"La kulia sitakudanganya," Josefina alisema baadaye, Shamsia akiwa ameketi karibu. "Ndani kuna vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikipigwa sana vinalala, na vikilala hivi haviamki. La kushoto limechoka, lakini lipo. Hilo ndilo tulilinde." Alitoa vizibo viwili vya sponji. "Hivi ndani, na vile vikubwa vya kufunika juu yake. Vyote kwa pamoja, bunduki ikiwa ya breki. Na usikae usawa wa mdomo wake. Rudi nyuma ya mpigaji."

"Nikiziba," Mdoe aliuliza, "risasi nitaisikiaje ikifika?"

"Ikifika wapi?"

Akamweleza: gunia la mahindi, muhogo, kile kishindo kinyevu. Josefina alisikiliza mpaka mwisho, hereni zake zimetulia.

"Hilo," alisema, "sina jibu lake."

Alimwonyesha Shamsia namna ya kukisokota kizibo kiwe chembamba, kuvuta sikio juu kwa mkono wa pili, kukiingiza na kukishikilia mpaka kivimbe. Jioni ile, kwa shangazi yake Shamsia huko Magoma walikofikia, walifanya mazoezi uani. Vidole vya mkewe vilinuka kitunguu. Kizibo kilipovimba, dunia ilisogea mbali zaidi, na Mdoe aliyaona machozi ya Shamsia kabla Shamsia mwenyewe hajayajua. Alitaka kuyafuta. Mkono ulikuwa mzito. Aliuacha magotini.

Msimu ulipofunguliwa alikwenda na vizibo mfukoni mwa shati. Alijua hesabu yake ilivyokaa. Akiviweka masikioni, kila mtu angeviona, na Mzee Filemoni angemuuliza "Wapi?" mtu asiye na jibu. Asipoviweka, sikio la kushoto lingelifuata la kulia, na Zamda angekua akimgusa goti mpaka siku atakapochoka. Aliyatazama yote mawili kama mtu anayetazama mvua kwa dirisha la nyumba ya wengine.

Mgeni wa safari ile alikuwa mzee mnene, mwenye adabu, aliyejifunza kusema "asante sana" na kulisema kwa kila kitu, hata kwa mwiba uliomchoma. Bega lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Lilikuwa na vyuma ndani. Bila breki asingeweza kupiga kabisa. Mdoe alipoambiwa hilo alijaribu kumchukia, akashindwa.

Walimpata mbogo asubuhi, dume pweke, mzee, amesimama upande kwenye uwazi kati ya vichaka viwili vya miiba. Mdoe alisimika magongo. Mgeni alilaza bunduki. Mzee Filemoni alishusha vizibo vyake vikubwa masikioni na kumfanyia mgeni ishara afanye vivyo hivyo. Mdoe alipiga goti. Kando ya shavu lake aliyaona matundu ya breki, meusi, yamepangana vizuri kama ya filimbi, yakimtazama.

Aliinua mkono wazi: subirini.

Hakuna traka aliyewahi kuwasimamisha watu namna ile, mnyama akiwa amepatikana. Mgeni alibana pumzi. Mzee Filemoni alitoa macho. Mdoe alichomoa sponji mfukoni, akaisokota, akalivuta sikio la kushoto juu, akaiingiza, akaishikilia. Vidole vyake vilikuwa vimejifunza. Akafanya na la kulia pia, ingawa lilikuwa halina kitu cha kupoteza. Mbogo aliinua pua, akanusa, akakaa vilevile. Kisha Mdoe aliondoka kwenye magongo, akatambaa akarudi nyuma ya mgeni, akavifunika vizibo vyake kwa viganja.

Bunduki ilipiga. Aliihisi kifuani, kama mlango mzito uliofungwa katika nyumba ya jirani. Vumbi lilipanda mbele ya magongo na kumfunika mnyama, na lilipotulia uwazi ulikuwa mtupu.

Mzee Filemoni aligeuka. Midomo yake ilifanya neno lilelile.

Wapi?

Jibu lilikuwepo ulimini. Bega. Mgeni alilenga vizuri, mnyama alisimama vizuri. Mtu yeyote angesema bega. Sharifu, aliyekuwa ameliacha gari na kufuatana nao, alikuwa ameshaanza kushika panga la kufyekea njia. Mdoe aliutazama mgongo wa shati la Sharifu, pale jasho lilipochora ramani yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mfuniko kitu kilimchoma ndani, kidogo, kama mguu unapoanza kuamka.

Alichomoa vizibo.

"Sijui," alisema. "Sikusikia."

Mzee Filemoni alimsogelea. "Umesemaje?"

"Sikusikia, mzee. Hata bila hivi nisingesikia. Msimu uliopita wote sikusikia. Nilikuwa naangalia."

Sharifu aliteremsha panga. "Acha utani wako, Mdoe."

"Sitanii."

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Asante sana?" alisema, kwa sauti ya kuuliza.

Mzee Filemoni alikaa juu ya kichuguu. Kisha alivua vizibo vyake vikubwa, akaviweka gotini, akagonga sikio lake moja kwa kidole, halafu la pili.

"Haya," alisema, akimtazama Mdoe usoni ili amfuate midomo, "yalikwisha ujanani. Unadhani kwa nini nimekuwa nikikuuliza wewe miaka yote hii?"

Ndege mmoja alitua juu ya magongo yaliyoachwa, akaona watu, akaruka.

"Basi tunakaa," Mzee Filemoni alisema. "Kama hatujui, tunakaa."

Walikaa. Jua lilipanda, vivuli vikaingia chini ya miti. Waligawana maji. Sharifu alimtazama Mdoe mara nyingi kwa pembe ya jicho, na mwishowe alihama alipokuwa ameketi, akaja kukaa kushotoni mwake.

"Kumbe nilikuwa nakutukana bure kwa nyuma," alisema. "Mambo yote mazuri niliyokutukana, hukusikia hata moja."

"Yarudie."

"Nimeshayasahau, mwanaharamu wewe."

Walipoingia kichakani hatimaye, polepole, macho mbele, walimkuta mbogo amelala si mbali na ukingo. Risasi ilikuwa begani. Alikuwa amekufa tangu asubuhi, wakati wao wanapigwa jua. Sharifu alisonya. "Tungekuwa tumeshakula nyama muda huu," alisema. Mdoe alipiga goti, akauweka mkono juu ya ubavu wa mnyama. Ulikuwa ungali na joto. Alilisikia joto lile likipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Kesho," Mzee Filemoni alisema wakirudi garini, "breki mgeni hawezi kuitoa, bega lake halitaki. Basi wewe hutapiga goti pale, wala mwingine yeyote. Magongo yatasimama yenyewe, na kila mtu ataziba."

"Na nani atasikia?"

"Hakuna. Tutakaa."

"Na msimu ujao?"

Mzee Filemoni alifungua mlango wa gari, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kofia yake, ingawa hakukuwa na haja. "Msimu ujao tutaonana," alisema, na Mdoe hakuweza kujua kwenye midomo ile kama ilikuwa ahadi au kwaheri.

Siku chache baadaye Mdoe alifika nyumbani mchana. Aliketi kizingitini, safari hii ubavu, sikio la kushoto likiwa upande wa ndani. Mlangoni kulikuwa na kapu la machungwa, akachukua moja. Zamda alikuja akasimama mbele yake, viganja tayari, akasita, akazunguka, akaenda kusimama upande wa kushoto kana kwamba kuna mtu aliyemnong'oneza. Alimlalia begani na kuongea kwa muda mrefu. Yalikuja machache: upepo wa pumzi, kipande cha neno, kimya, kipande kingine. Mdoe aliyapokea kama yalivyo.

Huko jikoni Shamsia alikuwa akiosha vyombo. Kuku walitoka mbio, wakapita miguuni mwa Mdoe.

Mdoe akageuka.

Mfuniko ulikuwa chini, umeshalala. Shamsia alisimama juu yake, mikono ikidondosha maji, asiseme kama umemponyoka au ameuachia. Macho yake yalikuwa wazi sana.

"Umesikia," aliuliza, "au umeona kuku?"

Angeweza kumpa jibu alilolitaka. Lilikuwa neno dogo, lisilomgharimu mtu kitu. Mdoe alilishika kinywani kidogo, kisha akaliacha.

"Kuku," alisema.

Shamsia aliinamisha kichwa. Mabega yake yaliinuka, yakatikisika, na Mdoe aliyasoma kuwa ni kilio, akaanza kusimama. Ndipo kitu chembamba kilipomfikia upande wa kushoto, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, kikakatika, kikaja tena. Alisimama palepale na chungwa mkononi, hajapumua, mpaka akawa na hakika. Mkewe alikuwa anacheka.